Unyoya Kwenye Bakuli la Maji

Waraka wa wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania, Dar es Salaam

YAH: SOMO LA NDEGE NA MAFUTA YANAYOMWAGIKA, KWA WATOTO WA AWALI NA MADARASA YA CHINI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Nyangamara. Hii ni kata ya bara katika Halmashauri ya Mtama, mkoa wa Lindi, na ukisimama kwenye uwanja wa shule huioni bahari. Unaona mikorosho, mihogo, ufuta ukiwa ni msimu wake, na kuku wanaokatiza mstari wa asubuhi bila kuomba ruhusa. Nafundisha darasa la awali. Wanafunzi wangu wana miaka mitano, wengine sita, na wengi wao bahari wanaijua kwa dagaa na ng'onda tu. Hata hivyo ninachokuomba leo ni somo kuhusu ndege wa pwani na mafuta, na tafadhali nisome hadi mwisho kabla hujasema kwamba mwalimu huyu angeanza na choo cha shule. Choo nacho tutakiandikia, kwa ofisi yake.

Pwani ya mkoa huu inabadilika haraka kuliko vitabu tunavyofundishia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini miaka thelathini, na tangu 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam. Likong'o, karibu na Lindi mjini, ardhi imetengwa kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi ya bahari kuu iwe kimiminika cha kusafirishwa kwa meli. Na huko Tanga, Chongoleani, ndiko litakakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda. Watoto ninaowafundisha herufi leo ndio watakaokuwa manahodha, mafundi, walinzi wa bandari na wavuvi wa pwani hiyo. Ndio maana nataka waanze mapema.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo mikutano mingi ya vijiji hulichanganya, na naomba kitabu chochote mtakachoandika kisilichanganye. Gesi si mafuta. Gesi ya Songo Songo ikivuja hupanda hewani. Ina hatari zake za moto, lakini haimgandi ndege mwilini. Kinachomganda ni mafuta ghafi yanayobebwa na meli za mafuta, mafuta mazito yanayoendesha meli kubwa za kila aina, na pia dizeli na oili za boti zetu wenyewe. Meli iliyobeba saruji nayo ina matangi ya mafuta ya injini. Wakashio, ile meli ndefu iliyokwama kwenye miamba ya kusini-mashariki mwa Mauritius tarehe 25 Julai 2020, haikuwa na shehena hata tani moja. Tani zipatazo 1,000 zilizomwagika baharini kuanzia Agosti 6 zilikuwa za mafuta ya injini zake. Tukimfundisha mtoto kwamba hatari iko kwenye visima vya gesi peke yake, atakua akiangalia upande usio sahihi.

Na mafuta hayajui mpaka. Mkondo wa bahari unaopita pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Yakimwagika mafuta upande wa Cabo Delgado, Msumbiji, njia yake inaweza kuwa Mtwara, kisha Lindi, kisha Kilwa, hadi Mafia. Huko mbele ndiko liliko eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa, lililoingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, karibu hekta 600,000 za mikoko, matope, nyasi za bahari na matumbawe. Maji yakitoka, matope yale huwa meza ya ndege. Wenzetu wa Mombasa wanajua mikoko iliyolowa mafuta inavyokaa. Mafuta yaliwapata mwaka 1988 upande wa Makupa, yakawapata tena Aprili 2005 meli ya mafuta ilipovujisha mafuta ghafi ndani ya Kilindini.

Sasa nieleze ninavyofundisha, kwa sababu ombi langu lote limejengwa juu ya hilo.

Naanza na bata. Hapa kijijini bata hakosekani, na mtoto wa Nyangamara anamfahamu bata kuliko picha yoyote tutakayomwonyesha. Tunammwagia maji mgongoni kwa kikombe, maji yanateleza, yeye anatikisa mkia na kuondoka zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu tunakumbushana kuku akinyeshewa anavyokuwa, alivyonywea na kuonekana nusu ya mwili wake. Kwa nini bata hawi hivyo? Swali hilo naliacha bila jibu hadi siku ya pili. Watoto wakienda nalo nyumbani, wanarudi na majibu ya babu na bibi, na baadhi ya majibu hayo ni mazuri kuliko ya kwangu.

Siku ya pili kila kikundi kinapata unyoya wa ubawa. Mtoto anaupasua kwa vidole, nyuzi zake zinaachana, na mpasuko unaonekana wazi. Kisha anaupitisha katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kutoka chini kwenda juu, mara mbili tatu. Mpasuko unaziba. Mara ya kwanza hawaamini, wanaurudia mpaka unyoya unachakaa. Nawaambia kwamba pembeni mwa kila uzi kuna vikulabu vidogo sana, macho hayavioni, vinashikana kama zipu ya begi. Ndege anapojichambua manyoya kwa mdomo, kazi anayofanya ni kufunga zipu zilizofunguka. Tone la maji tukilidondosha juu ya unyoya uliofungwa vizuri linasimama duara, tukiuinamisha linabingirika na kuanguka. Maji hayana pa kupenyea.

Ndipo linapokuja bakuli. Kijiko kimoja cha mafuta ya kula, masizi kidogo ya chini ya sufuria ili rangi ionekane, na maji ya kisima. Mafuta yanaelea, na mtoto wa miaka mitano hilo analijua tangu jikoni. Unyoya unapitishwa juu ya maji yale mara moja tu. Ukitoka, nyuzi zimeshikamana mafungumafungu, katikati kuna nafasi, na hata aupitishe vidoleni mara ngapi, mpasuko hauzibi tena. Tone la maji halibingiriki. Linazama ndani.

Hatua moja imebaki, na naomba msiiache, maana bila hiyo mtoto ataondoka akidhani ndege amechafuka tu. Namfunga mtoto kitambaa kikavu kwenye mkono mmoja na kitambaa kilicholowa kwenye mkono wa pili, tunasimama nje kwenye upepo. Mkono upi unasikia baridi? Wanapiga kelele wote. Hivyo ndivyo ndege anavyokufa kwenye bahari ambayo sisi tunaiona ya vuguvugu. Mwili wake una joto la nyuzi 40 hivi, maji ya Lindi yakiwa nyuzi 27 kwake ni baridi, na koti lake limeshaharibika. Anatumia chakula chote alichonacho mwilini kujipasha moto, hawezi kuelea vizuri, hawezi kuruka kwenda kutafuta kingine.

Nilipofika hapo mara ya kwanza, mtoto mmoja wa kike aliuliza swali ambalo sijalikuta kwenye kitabu chochote nilichowahi kupewa. Alisema, "Mwalimu, mbona bata naye ana mafuta yake?" Kumbe alikuwa amemwona mama yake akikata kile kinundu cha juu ya mkia wakati wa kutengeneza kuku, na akaambiwa kina mafuta. Yuko sahihi. Ndege wengi wanacho kinundu hicho. Wanaminya humo kwa mdomo na kupaka manyoya kiasi kidogo sana cha kitu kinachofanana na nta, ili manyoya yasikauke na kukatika. Mtoto yule alikuwa anauliza jambo la msingi kabisa, kwamba kitu kimoja kinawezaje kuwa dawa na sumu. Nilimjibu kwamba mafuta ya ndege ni kidogo na mazito, yanakaa juu ya nyuzi na kuzilinda, na ya meli ni mengi na yanaingia katikati ya nyuzi na kuzigandisha. Nadhani jibu linatosha kwa umri wake. Lakini naomba wataalamu wenu wa sayansi walipitie, kisha waliandike kwenye kiongozi cha mwalimu, kwa sababu swali hilo litaulizwa katika kila kijiji ambako watu wanachinja kuku.

Kinundu hicho hicho kinatupeleka kwenye ubaya wa pili, ambao hauonekani kwa macho. Ndege aliyepakwa mafuta haachi kujichambua. Anajichambua zaidi, kwa kuwa anahisi zipu hazifungi. Kila akipitisha mdomo anameza. Mafuta yanaumiza utumbo, ini na figo, na yanapunguza damu. Kwa hiyo ndege anaweza kuonekana amesafika kifuani na bado akafa baada ya siku kadhaa. Watoto wadogo hili wanalielewa upesi. Wao wenyewe wanakatazwa kila siku kutia mikono michafu mdomoni.

Na yapo mayai. Mbali baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, kuna kisiwa kitupu kiitwacho Fungu Kizimkazi, hakina mti wala maji, na ndege wa bahari kuu wanazalia juu ya mchanga wake. Ndege akirudi kutoka kuvua na mafuta kidogo kwenye manyoya ya kifua, akalalia yai, tone dogo tu likipenya ganda linatosha kumuua kifaranga ndani. Mzazi amepona, yai limekufa, na hakuna picha ya kumpelekea mwandishi wa habari. Hili silifundishi darasa la awali. Naliona ni la darasa la pili au la tatu, mtoto akishaweza kushika habari ya kitu asichokiona.

Sasa nije kwenye sabuni, maana hapa ndipo ninapogombana na vitabu. Katika semina moja tulipewa kijitabu cha kigeni kilichofasiriwa, chenye zoezi linalopendwa sana duniani: watoto wachovye manyoya kwenye mafuta, kisha waoshe kwa sabuni ya vyombo, walinganishe. Zoezi lenyewe si baya. Ubaya ni mahali linapoishia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na msichana anayecheka akimwosha pengwini, na watoto wangu wakatoka darasani wakiamini kwamba mafuta yakimwagika, dawa ni sabuni. Mmoja alisema kwao ipo ya kutosha.

Kuosha ndege ni kazi ya wataalamu. Ndege akiletwa hawaanzi kwa kumwosha. Wanampasha joto kwanza, wanampa maji na chakula mpaka apate nguvu, kwa sababu kuoshwa kwenyewe kunaweza kumuua. Maji yawe ya joto linalokaribia la mwili wake, yabadilishwe tena na tena, watu wawili au watatu wamshike ndege mmoja, na sabuni yote itoke, maana sabuni ikibaki nayo inaruhusu maji kupenya. Kisha anakaa siku kadhaa mpaka manyoya yarudi kuwa sawa.

Imewahi kufanikiwa, na kisa hicho ningependa kiwemo kwenye kitabu kwa kuwa ni cha Afrika. Juni 2000 meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town, kati ya visiwa vya Robben na Dassen. Pengwini wapatao 19,000 walipakwa mafuta. Shirika la SANCCOB, lililokuwepo tangu 1968 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, likawakusanya na kuwaosha, likisaidiwa na maelfu ya watu waliojitolea, na wengi mno walipona. Lakini sehemu ninayoipenda ni ya pengwini wengine wapatao 19,500 waliokuwa bado wasafi. Hao walikamatwa, wakapakiwa kwenye malori, wakasafirishwa mamia ya kilomita hadi Port Elizabeth na kuachiwa baharini. Wakaanza kuogelea kurudi kwao, na muda wote waliokuwa njiani watu walikuwa wanasafisha mafuta. Watatu walifungwa vifaa vya satelaiti, wakaitwa Peter, Pamela na Percy, na watu wakafuatilia kila siku wamefika wapi. Mpe mtoto hadithi hiyo uone kama atalala.

Ila mwalimu amwambie pia kwa nini ilifanikiwa. Pengwini ni ndege mzito, haruki, anaishi kwa makundi mahali panapojulikana, na watu walikuwa tayari kabla ya meli kuzama. Ndege wetu si hivyo. Sululu na kitwitwi wametawanyika kwenye matope ya Kilwa Kivinje na Mchinga, wanaruka, hukamati hata mmoja mpaka awe hoi. Ukimpata mkononi, kwa kawaida umeshachelewa. Kwa hiyo kwa pwani yetu kazi kubwa ni kuzuia mafuta yasifike kwenye matope. Mauritius walifanya hivyo kwa mikono yao. Walishona vitambaa, wakajaza majani makavu ya miwa, wakaviweka vielee baharini viwe kizuizi, wazee na vijana pamoja. Kwenye kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, kilicho karibu na mahali Wakashio ilipokwama, wahifadhi waliwahamisha baadhi ya ndege adimu mapema. Ukurasa wa mwisho wa kitabu chetu uwe huo wa watu wanaoshona, badala ya msichana na pengwini. Sisi tuna makuti, tuna magunia ya korosho, na watu wanaojua kushona hawajatupungukia.

Juu ya picha za kutisha nina msimamo, na najua wapo walimu wenzangu wasioukubali. Mtoto wa miaka mitano asionyeshwe ndege mfu aliyejaa lami. Mwenye miaka kumi, sawa. Wa miaka mitano hatenganishi sana kilicho mbali na kilicho nyumbani. Mmoja wangu alifika asubuhi akauliza kama bata wa shangazi yake atakufa, kwa kuwa shangazi anakaa karibu na fundi pikipiki. Unyoya mmoja mweusi mkononi mwake unatosha kumfundisha, na hauji ndotoni.

Kitisho kimoja tu ndicho nakiruhusu, na hicho hakimhusu ndege. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Malori ya mafuta yanapita pia kwenye barabara za kusini, na sisi wa bara tuko karibu nayo kuliko tulivyo karibu na meli. Kwa hiyo somo lolote la mafuta yaliyomwagika, hata likiwa la ndege, lianze na sheria isiyo na mjadala: ukiona mafuta yamemwagika, usisogee, usiguse, usichote, kimbia ukamwambie mtu mzima. Ni ajabu kumfundisha mtoto kumhurumia membe aliyepakwa mafuta ufukweni, akaenda kumshika, akavuta mvuke wa mafuta hayo.

Mtaniuliza tena, kwa nini Nyangamara? Halmashauri yetu inapitiwa na Mto Lukuledi, na Lukuledi unaishia kwenye ghuba ya Lindi, penye mikoko na ndege hao hao. Oili inayomwagwa kwenye korongo la juu wakati wa kiangazi, masika hushuka nayo. Ila niwe mkweli kwa watu wa kwetu. Oili chafu ya pikipiki hapa haitupwi hovyo kama wanavyodhani wa mijini. Inapakwa kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa, na fundi ana wateja wake wa kudumu. Kinachotupwa ni chupa na vidumu vyake, vikiwa na mabaki ndani, na hivyo ndivyo maji hubeba. Wavuvi nao wakibadili oili ya injini pale pale dikoni, haihitaji meli kuzama. Watoto nawapa kazi moja: waende wakaangalie vidumu vya oili vya nyumbani vinawekwa wapi, warudi waseme. Siwatumi kumkosoa baba. Mtoto akimkosoa baba jioni, mwalimu anaulizwa asubuhi.

Kuna jambo la majina ya ndege, na hili ni letu walimu na ninyi pia. Vitabu vingi vinasema "ndege wa baharini" basi. Lakini watu wa pwani wana majina. Yupo membe, yupo sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, yupo mnandi anayepiga mbizi, furukombe anayenyakua samaki, mdiria wa mikokoni, kulastara anayesimama kwa mguu mmoja. Yupo pia yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, anayekuja pwani yetu kwa makundi. Huyo huzaliana pwani za Bahari ya Shamu, Somalia, Oman na Ghuba, anachimba shimo refu mchangani na kutaga yai jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kulitunza. Mwaka 1991, mamilioni ya mapipa ya mafuta yalipomwagwa baharini Kuwait wakati wa vita, ndege kwa maelfu walikufa kwenye fukwe za Ghuba. Mtoto akijua kwamba ndege wanaokula kaa Kilwa wana ndugu huko, ramani ya dunia inaanza kuwa na maana kwake, na yeye anaona kuwa jambo hili halikuanzia wala halitaishia Lindi.

Ninachoomba hasa ni hiki. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mtoto atende zaidi ya kukariri, na mada za mazingira zimo tangu madarasa ya chini. Simdai mtu somo jipya. Nadai kurasa nne au tano kwenye kiongozi cha mwalimu, zenye shughuli ya bata, ya unyoya, ya bakuli na ya vitambaa viwili, pamoja na majibu ya maswali yale magumu. Vifaa viwe vya bure. Shughuli inayohitaji sabuni ya maji ya dukani, glovu na sinia za plastiki itaishia kwenye shule zenye mfadhili. Unyoya uchemshwe au uanikwe juani kwanza, na watoto wanawe mikono baadaye. Liandikeni hilo kwa herufi nzito, maana magonjwa ya kuku tunayafahamu.

Msiandike peke yenu. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndio wenye dhamana ya mpango wa taifa wa kukabiliana na umwagikaji wa mafuta baharini, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) wana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 mikononi. Waulizeni wote wawili mtoto wa kijiji cha pwani akiona weusi umetanda juu ya maji amwambie nani, na huyo mtu mzima atakayeambiwa apige simu wapi. Jibu liwe sentensi moja, lichapwe chini ya ukurasa. Likishindikana kuwa sentensi moja, basi tatizo si la watoto, na itafaa lijulikane sasa kabla mafuta hayajaanza kupakiwa Chongoleani. Waulizeni pia wavuvi wa Kilwa na Songo Songo majina ya ndege. Watawapa mengi kuliko niliyoyataja mimi, na mengine yatapingana kati ya kijiji na kijiji. Yaandikeni yote.

Jaribio linaweza kuanza na shule chache za pwani na chache za bara, mwaka mmoja, walimu wakaandika maswali waliyoulizwa. Hayo maswali ndiyo yawe sura ya pili. La mwisho ni la uchapaji, na naomba lisidharauliwe kwa kuwa limekuja mwisho: picha za ndege ziwe za rangi. Vitabu vikifika huku vimetolewa fotokopi, sululu na membe wanakuwa ndege mmoja wa kijivu, na mimi nabaki mbele ya darasa nikiapa kwamba ni wawili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la awali
Nyangamara, Mtama, Lindi

Nakala: TASAC, NEMC